Wamama wa Kataki Wanyimwa Haki ya Kusaidia Ulaya

Kalemie, tarehe 3 Machi

Kwa Ndugu Katibu,
Komite ya Ushirikiano,
Kanisa la Wellebeke, Ubelgiji

YAHUSU: Malalamiko ya kuzuiwa kuwasaidia

Ndugu Katibu mheshimiwa,

Ninakusalimia katika jina la Bwana, mimi Bertille Mulongo, rais wa Umoja wa Wamama wa Kanisa la Berea, hapa Kataki, mjini Kalemie. Ninajua unanijua. Lakini barua ya biro, ya ofisi, inataka mtu ajitaje, nami sitaki wenzako wa komite waseme kwamba shangazi ya katibu ameandika mambo ya nyumbani. Kwa hiyo mpaka mwisho wa barua hii wewe si Josias, mtoto wa kaka yangu Ruben. Wewe ni Ndugu Katibu. Pale nitakaposahau unisamehe, na uwatafsirie wenzako hivyo hivyo nilivyosahau.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu ni cha kununulia dawa na kusalimia wakubwa. Kulalamika hakiwezi. Tena wewe ndiwe mtu pekee katika komite hiyo anayeweza kuisoma barua hii, na hivyo hutaweza kusema kwamba ilikufikia lakini hukuielewa.

Kwanza shukrani. Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu kanisa la Wellebeke na kanisa letu kuitana ndugu. Ziwa Tanganyika lilipopanda na maji kuingia chini ya vitanda vya wamama waliokuwa wakijifungua, ninyi ndio mliotuma mabati na saruji tukajenga kituo kipya cha afya huku juu. Mlituma cherehani. Mmelipia watoto wetu minerval, ile karo ya shule, na wengine wao leo ni walimu. Hayo hatujayasahau, na barua hii haiyafuti. Tunawalalamikia ninyi kwa kuwa ni ndugu. Adui hatumwandikii barua ndefu.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Mmechukua heri yote.

Maandiko yanafundisha kwamba anayetoa ana heri kumpita anayepokea. Tulilisoma fundisho hilo Jumatano moja katika ibada ya wamama. Mama Emerance, yule anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, sokoni, ambaye kwa kawaida hasemi neno mpaka wimbo wa mwisho, akainua mkono. Akamwuliza Pasta André: "Pasta, kama njo vile, watu wa Wellebeke wanatoa kila mwaka, na siye tunapokea kila mwaka. Sasa heri yetu iko wapi?"

Pasta André alifungua Biblia, akaifunga, akasema tuimbe. Tuliimba beti zote sita, na swali likabaki palepale lilipokuwa.

Hatusemi mmeiba, Ndugu Katibu. Tunaamini hamkukusudia. Ila mtu akikalia kiti kizuri miaka kumi na miwili, huku mwenzake amekaa kwenye mkeka, siku moja anaweza kusimama kidogo na mwenzake naye akapumzisha mgongo.

2. Wageni wenu hawakula samaki.

Mwezi wa sita mwaka jana mlituletea wageni watatu: mchungaji wenu kijana, bwana mmoja wa kupiga picha, na Mama Godelieve, mjane wa miaka sabini na minne, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mkunga. Walikuja kuona kituo cha afya kama kweli kina mabati. Kinayo.

Tulipika siku mbili. Papa Florent, mzee wa kanisa, alileta kuhe aliyemvua asubuhi ileile, samaki mkubwa wa kubebwa na watu wawili. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemngojea ufukweni amnunue, Papa Florent akamwambia: "Huyu hauzwi. Huyu anaenda kwa wageni." Tukampika na nyanya na pilipili kidogo, kwa kuwaogopea. Kulikuwa na bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na wali kwa asiyejua bukari.

Mchungaji wenu alituambia kwa upole kwamba tumbo lake halijazoea. Akatoa mfukoni biskuti zake, zenye rangi ya mbao, na kwa mlio wake nadhani na ladha ya mbao. Bwana wa picha alimpiga samaki picha kutoka juu na kutoka ubavuni, kisha akaomba tumgeuze kichwa kielekee dirishani. Siku ya ndoa yangu mimi sikupigwa picha nyingi kiasi kile. Alipomaliza akasema merci, akafunga mashine yake, naye akaomba biskuti. Papa Florent alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti lake la Pasaka, anamtazama samaki wake akipoa.

Ni Mama Godelieve peke yake aliyenawa mikono na kukaa chini. Akauliza ni nani anayekula kichwa. Nikamwambia kichwa ni cha mgeni wa heshima. "Basi ni changu," akasema, na akakila kwa vidole mpaka ikabaki mifupa mitupu. Papa Florent alitoka nje. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Anayekuja kukusaidia akashindwa kula kwako, Ndugu Katibu, amekusaidia nusu. Nusu nyingine amerudi nayo.

3. Mimi ni mnufaika.

Hili ni fupi. Katika raporo yenu ya mwaka, ile ripoti uliyotutafsiria wewe, nimeona picha yangu, na chini yake pameandikwa: Mama Bertille, mnufaika. Nilidhani ni cheo, kama shemasi, nikafurahi wiki nzima. Halafu Papa Florent akanieleza kwamba mnufaika ni mtu aliyesaidiwa. Katika picha ile nimebeba beseni la chakula nililokuwa ninawapelekea wageni wenu. Ninaomba masahihisho.

4. Mlitukabidhi mtu mgonjwa, kisha mkatunyang'anya alipopona.

Siku ya tatu ya ziara, Mama Godelieve alikosea ngazi ya kituo cha afya na kifundo cha mguu kikavimba kama muhogo. Wenzake walikuwa na safari ya Nyunzu kuona shule, na kwa barabara ile asingeweza. Mchungaji wenu alitaka kumweka hoteli. Tukamwuliza kama Kalemie nzima imekufa hata mgeni wa kanisa alale hoteli. Mama Godelieve akaja kwangu, akapewa chumba ulichokuwa unalala wewe wakati wa masomo. Alikaa siku tisa.

Tulipanga zamu ili asiwe peke yake. Siku ya pili akaniambia kwa heshima kwamba angependa kuwa peke yake kidogo. Tuliingiwa na hofu. Mama Emerance akamwuliza amekosana na nani. Akasema hajakosana na mtu. Tukaongeza mtu mmoja kwenye kila zamu.

Baadaye alizoea. Asubuhi alikaa na Mama Emerance uani, mguu juu ya kigoda, wakichambua ndagala, wakisemezana kila mmoja kwa lugha yake bila hata mmoja kuchoka. Alijifunza kusema "aksanti mingi" na "njo vile." Alicheka tulipomwambia kwamba Kiswahili chake ni cha mvuvi wa Kigoma aliyepotea njia.

Siku ya sita, saa nne ya asubuhi, pikipiki ikasimama mlangoni. Ilikuwa imetumwa na Mama Micheline, mkunga wetu. Aimée, yule binti wa koro, kwaya yetu, mwenye sauti ya pili, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto alikuwa amelala vibaya, ametanguliza matako. Daktari alikuwa ameitwa, yuko njiani kutoka ng'ambo ya mji, na mtoto hangojei. Micheline alikuwa amekwisha kuwatoa wachache wa namna ile, lakini safari hii hakujiamini. Aimée ni mtoto wa dada yake.

Nilimweleza Mama Godelieve kwa Kifaransa changu cha dawa. Hakuuliza swali. Alisema: "Nipeni viatu." Kimoja hakikuingia kwa sababu ya uvimbe, akaenda na kiatu kimoja, amepakiwa katikati ya dereva na mimi kwenye pikipiki, na mimi unanijua kwa upana. Pale kituoni tulimkalisha kwenye kiti mbele ya kitanda. Alinawa mpaka viwiko. Halafu, Josias, sikuona tena mzungu wala mgonjwa. Nilimwona mtu wa kazi. Alimwambia Micheline: "Mikono yako, macho yangu. Polepole. Usimvute, mwache ashuke mwenyewe." Mimi nilitafsiri, na pale niliposhindwa, alionyesha kwa vidole hewani. Micheline alifanya vile alivyoelekezwa. Mtoto alishuka, kimya, wa buluu. Mama Godelieve alimchukua, akamsugua mgongo kwa kitambaa, akamsugua tena, akimsemesha Kiflamandi kama anayemgombeza. Mtoto akalia. Daktari aliingia tukiwa tumekwisha kuanza kuimba.

Ni msichana. Anaitwa Goda. Jina kamili lilimshinda baba yake.

Tuliporudi nyumbani Mama Godelieve alikaa juu ya kitanda chako, akalia. Nilidhani ni mguu. Akasema: "Hapana. Ni kwamba kwa miaka tisa hakuna mtu aliyekuja kuniita." Ndipo akanieleza. Mume wake amekufa. Wanawe wako mbali, na si watoto wabaya, wanampigia simu. Lakini siku nyingine simu inayolia ni ya watu wanaouza madirisha, naye huwasikiliza mpaka mwisho ili asikie sauti. Akasema Jumapili iliyotangulia safari walikuwa watu kumi na mmoja katika kanisa lenu la mawe lenye viti mia tatu, na kwamba kuna mtu ameomba jengo hilo alifanye ukumbi wa kupandia kuta kwa kamba, kwa mazoezi ya mwili.

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Miaka yote hii tumewaombea ninyi kama watu wasiopungukiwa na kitu. Katika maombi ya Jumapili tunasema, "Uwabariki ndugu zetu wa Wellebeke kwa wingi," halafu tunapita haraka kwenye wagonjwa. Hamkutuambia kwamba ninyi mko upande wa wagonjwa. Je, hilo ni jambo la ndugu kumficha ndugu?

Halafu wenzake walirudi kutoka Nyunzu wakamchukua. Tulimsindikiza wamama arobaini na wawili. Mchungaji wenu alituambia asante kwa kumtunza, na kwamba gharama zetu zitarudishwa. Mama Emerance akaniuliza mtu huyo amesema nini. Nikamwambia amesema Mungu awabariki. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutafsiri uongo, na dhambi hiyo ninaiweka juu ya komite yenu.

5. Mligeuza zawadi yetu kuwa mradi wenu.

Mwezi wa nane tuliunda Komite ya Kusaidia Wellebeke. Mwenyekiti ni Mama Emerance, kwa sababu ndiye aliyeuliza swali. Kila mama alileta alichonacho. Tulipata ndagala wakavu wa kujaza ndoo, chupa nne za mawese, kitenge cha Umoja wa Wamama kwa ajili ya Mama Godelieve, na kaseti, samahani, kale kadude ka kuhifadhia sauti, kenye nyimbo za koro na kilio cha Goda. Tulikutumia wewe mwenyewe mzigo huo kwa mkono wa msafiri, na barua iliyosema wazi: huu ni msaada kwa kanisa la Wellebeke, kwa mahitaji yake.

Jibu lilikuja kwa barua yenye kichwa cha kanisa. Lilisema mmeguswa sana. Lilisema kanuni zenu haziruhusu kupokea vitu kutoka kwa kanisa mnalolisaidia, na kwamba mnatutia moyo tutumie nguvu zetu kwa mahitaji yetu wenyewe. Wamama waliniomba niisome mara mbili. Baada ya mara ya pili wakaanza kukunja vitenge vyao kwenda nyumbani. Mama Emerance, aliyekuwa ametoa ndagala wa siku nzima ya soko, aliuliza tu: "Wamewatupa?"

Hawakutupwa. Nilikuja kuwaona, Ndugu Katibu, ndoo na chupa na kitenge, katika raporo ileile ambamo mimi ni mnufaika. Wamepigwa picha juu ya meza nyeupe, na chini yake: Matunda ya mradi wetu wa kuwainua wamama kiuchumi. Msaada wetu kwenu umekuwa ushahidi wa msaada wenu kwetu. Nimewahi kuona watu wakigeuza maneno mahakamani, lakini kugeuza ndagala sijawahi.

6. Mmemkatalia Mama Godelieve kurudi, na sahihi ni yako.

Hapa ndipo panaponiuma, na hapa nitasahau protokoli.

Mama Godelieve hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. Hatusemi mengi. Ninaweka simu juu ya meza, watu wanapita wanamsalimu, Goda anapiga kelele, naye yuko pale. Mwezi wa kumi na moja aliniambia ameiomba komite aje akae mwaka mmoja, amsaidie Micheline na wakunga wawili wapya. Komite ikakataa. Akaomba tena, ikakataa tena. Alinitumia picha ya barua ya mara ya pili. Inasema kanisa halitumi mtu aliyepita miaka sabini, kwamba kwa umri wake yeye ndiye anayehitaji huduma, na kwamba mtu wa huduma atakuwa anampitia Jumanne na Ijumaa, kwa dakika ishirini.

Dakika ishirini, Josias. Hapa Kataki salamu peke yake haiishi dakika ishirini. Ukimaliza kuuliza habari ya nyumba, ya mguu na ya waliokufa, dakika zako zimekwisha na kazi hujaigusa.

Na chini ya barua ile niliona sahihi. Ninaijua. J kubwa yenye mkia unaopita chini ya jina lote. Niliifundisha mimi, kwenye meza yangu, mtu mmoja aliyekuwa ana miaka tisa na kamasi. Sikuifundisha ili ije kumfungia mlango mjane.

Ninajua utaniambia: shangazi, mimi ni katibu tu, ninaandika yaliyoamuliwa. Sawa. Hata mimi ninaandika yaliyoamuliwa, na yaliyoamuliwa na wamama ni haya yafuatayo.

7. Kuanzia sasa tunawasaidia, mtake msitake.

Tumekaa, tumeomba, tumepiga kura. Kanisa la Wellebeke limewekwa rasmi katika orodha ya makanisa dhaifu yanayosaidiwa na Kataki. Msijisikie vibaya. Sisi tumekuwa katika orodha ya namna hiyo miaka kumi na miwili na tumebaki na heshima zetu, isipokuwa kwenye picha.

Ili msaada uende vizuri, mtatujazia fishi, yaani fomu, kila miezi mitatu. Mtaandika wazee wangapi wametembelewa, kwa muda gani, na kama aliyewatembelea alikaa chini au alibaki amesimama na koti. Mtatutumia picha za wanufaika, wakitabasamu. Picha mbili za kila mmoja: moja kabla hajatembelewa na moja baada ya kutembelewa. Pia hadithi moja ya mafanikio, isiyozidi ukurasa. Ikizidi hatutaisoma, ninyi mnajua tuna kazi nyingi.

Ujumbe wetu utakuja kukagua. Tutapokelewa kwa nyimbo. Kama hamna watoto wa kutuimbia, wazee kumi na mmoja watatosha, mradi wawe wamevaa sare. Tutabeba chakula chetu. Mtakachopika tutakipiga picha.

Mchungaji wenu kijana atapewa nafasi ya masomo hapa kwetu, miezi mitatu, ya kula samaki. Papa Florent amekubali kumfundisha na hana kinyongo. Kuhusu jengo, tunawaomba msimpe yule mtu wa kamba. Mama Emerance anasema watu wenye hamu ya kupanda ukuta waanze na kuja ibadani, huko nako kuna kupanda. Mkishindwa kabisa kulijaza, tuandikieni. Tuna koro tatu, na moja inaweza kupunguzwa.

Na kuhusu Mama Godelieve, tunataka barua ya kukataa iondolewe. Hatuombi mumtume. Ametuambia Jumapili iliyopita kwamba amekwisha kununua tiketi yake mwenyewe, kwamba anapita Kigoma na kuvuka kwa boti mwezi wa tano, na kwamba wanawe walinuna kidogo halafu mmoja akamnunulia viatu vya kushika matope. Anakuja, komite ikibariki au isipobariki. Lakini nilisikia sauti yake ilipotaja komite. Amekaa katika kanisa lile miaka hamsini. Hataki kuondoka kama mtu aliyetoroka.

Basi kaeni, mwandike karatasi moja yenye neno jema, na wewe utie sahihi yako ile yenye mkia. Na katika raporo ya mwaka huu msiandike kwamba mmetutumia mtaalamu. Andikeni kwamba kanisa la Kataki limewasaidia kumtunza mmoja wa wazee wenu, na kwamba ninyi ni wanufaika.

Kwa kuwa ninaamini shauri hili litapata usikivu, ninaweka kalamu chini nikiwa na heshima yote kwa komite na kwa kila mmoja wenu. Pasta André anawasalimu. Hajaisoma barua hii na ameomba asionyeshwe. Papa Florent anasalimu mchungaji kijana na tumbo lake. Mama Micheline anasalimu, Aimée na mume wake wanasalimu, Goda ana meno mawili. Wamama wote wanakusalimu, Ndugu Katibu, na wanauliza kama unakula.

Bertille Mulongo,
Rais wa Umoja wa Wamama, Kanisa la Berea, Kataki

N.B. Nilikuwa nimekwisha kubandika bahasha, nimelazimika kuifungua. Labda hujui kwamba sisi nasi tuna kanisa tunalolisaidia, la wafugaji huko Pepa, juu kwenye milima ya Marungu. Kila kiangazi tunapanda kuwapelekea chumvi, sabuni na nguo. Leo wamama wa Pepa wametuletea barua, imeandikwa na rais wao, Mama Mélanie. Wanasema wamechoka kupokea. Wanasema mwaka jana tulikataa maziwa yao, tukapiga ng'ombe picha na simu zetu, tukashuka. Wanasema sasa wanataka kutupa mtamba, na kwamba Mama Godelieve akifika apelekwe kwao, kwa sababu baridi ya Pepa ndiyo inayofaa mifupa yake, nao wana wakunga wasiowahi kumwona mkunga aliyesomea tangu wazaliwe. Chumba, wanasema, wamekwisha kukipaka chokaa.

Sijawahi kuona watu wasio na shukrani kiasi hiki. Sisi Kataki mtamba tutamweka wapi? Na Mama Godelieve ni wetu. Wamama wote wamekubaliana kwamba jambo hili lijibiwe mara moja, kwa uthabiti, lakini kwa adabu. Kwa hiyo ninakuomba, Josias mwanangu, utume haraka nakala nyingine ya ile barua yenu ya kukataa zawadi. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana. Ile ya kwanza tuliwashia mkaa.